Hesabu za Kokoto

Ubao wa matangazo pale ofisi ya kata, Pongwe,
una kioo kilichopasuka na kufuli lisilo na ufunguo.
Ndani, bajeti imebanwa kwa pini nne;
karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa.
Mimi huisoma kila Jumatatu
kama mzazi asomavyo matokeo ya mtihani:
kidole juu ya kioo, nikitafuta jina letu.

Jina letu halimo.
Ila tumo, ukijua kusoma.
Fungu la nne, mstari wa tisa:
“Mikopo kwa vikundi vya wanawake.”
Hapo ni mimi, na Nyamvula, na Mama Shekue,
na Zaituni wa jicho moja;
la pili lilikwenda na kipande cha jiwe mwaka juzi,
na wiki ya tatu alikuwa kashika nyundo tena.

Milioni tano. Tulisaini watu kumi,
Mama Shekue kwa dole gumba.
Tukanunua matoroli mawili, nyundo za kilo nne nne,
turubai la kutukinga na jua la Kiomoni,
tukalipia shimo miezi sita.
Tukagonga.
Jiwe la chokaa halivunjiki kwa hasira,
lavunjika kwa kurudiwa.
Debe, debe, debe, hadi lori likajaa,
na vumbi tulilolikohoa usiku
lilikuwa jeupe, laini,
kama unga wa sembe ambao hatukuununua.

Sasa teremka nami, fungu la saba:
“Ujenzi wa kalvati, barabara ya zahanati.”
Humo pia tumo.
Malori kumi na moja ya kokoto.
Fundi alipokea, halmashauri ikapiga muhuri,
na kalvati li pale, njoo ulione:
maji yapita chini,
wajawazito wapita juu.
Pesa tu ndiyo haijapita.
Mbele ya mstari huo wameandika,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
“Madeni ya wazabuni yatahamishiwa mwaka ujao.”

Mwaka ujao!
Tumeuona ukija mara tatu huo,
ukifika hubadili jina.

Alhamisi akaja Bwana Semkiwa na pikipiki ya serikali,
kijana mpole, viatu vinang’aa,
kaja kudai marejesho.
Miezi mitano. Riba hakuna, lakini aibu ipo.
Akafungua faili, akasema kwa sauti ya msibani:
“Mama zangu, dawa ya deni ni kulipa.”

Kimya.
Kisha Nyamvula,
ambaye wiki nzima husema maneno sita,
akatumia matano:
“Basi na daktari naye anywe.”

Tulicheka mpaka turubai likatikisika.
Semkiwa naye alicheka,
kisha akajirudi, akaziba mdomo kwa faili.
Nikamsogezea daftari langu,
lile nililomnyang’anya mwanangu wa darasa la tatu:
kushoto, twadaiwa milioni tatu na laki mbili;
kulia, twadai milioni tatu na laki tisa.
Nikamwomba apige mstari mmoja,
atoe dogo kwenye kubwa, kazi ya mtoto,
atuachie laki saba zetu, aende salama.

Aliitazama hesabu muda mrefu.
Akasema ni sahihi.
Akasema haiwezekani:
deni lenu liko akaunti ile,
deni letu liko akaunti hii,
na baina yake hakuna mlango.

Hakuna mlango.
Tangu siku ile nalala nalo neno hilo, naamka nalo.
Nyumba gani hiyo, ya vyumba viwili,
kimoja cha kudai, kimoja cha kudaiwa,
na aliyeijenga akasahau kutoboa ukuta?

Jumatatu nitakuwa pale tena, ubaoni.
Nimemwambia Zaituni aje, jicho lake moja laona mbali.
Mama Shekue aje na dole gumba lake.
Nyundo tutaziacha nyumbani.
Nadhani.